Skinoren na krimu ya jua yenye rangi: tathmini kwa wenye madoa meusi usoni

Skinoren ni krimu nyeupe isiyotiwa manukato, yenye asidi ya azelaiki kwa kiwango cha asilimia 20, na kwa maoni yangu ndiyo dawa ya kupaka ambayo mtu mwenye ngozi nyeusi anapaswa kuifikiria mwanzo kabisa anapotafuta namna ya kufifisha madoa yaliyoachwa na chunusi, au mabaka ya kahawia yanayotanda mashavuni wakati wa ujauzito. Nimeitumia nikiwa Dar es Salaam, kwa madoa ya chunusi za taya ambazo hazikuniacha hata baada ya ujana kupita, na nimeitumia sambamba na krimu ya kujikinga na jua yenye rangi. Nazitathmini zote mbili kwa pamoja kwa sababu ya kwanza bila ya pili ni fedha inayopotea, jambo ambalo wauzaji wengi hawamwambii mnunuzi.

Kabla ya kuisifu au kuilaumu krimu yoyote, ni lazima ieleweke doa lenyewe linatoka wapi. Rangi ya ngozi hutokana na melanini, ambayo hutengenezwa na seli maalumu zilizo chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, kisha hugawiwa seli jirani ili ifunike viini vyake visidhuriwe na miale ya jua. Watu weusi na watu weupe wana idadi inayokaribiana ya seli hizo za rangi. Tofauti iko katika wingi na ukubwa wa chembe za melanini, na katika wepesi wa seli kuitikia kero. Wepesi huo ndio unaotusumbua. Chunusi iliyotumbuliwa, kuumwa na wadudu, kuungua na mafuta ya kukaangia, kipele cha ndevu kilichotokana na unywele uliojikunja ukarudi ndani ya ngozi, ukurutu uliokunwa usiku kucha: kila kimoja huleta uvimbe, na uvimbe hutoa kemikali zinazozichochea seli za rangi zifanye kazi kupita kiasi. Kipele hupona baada ya siku chache, lakini rangi iliyomwagwa hubaki. Ikiwa imebaki katika tabaka la juu, doa huwa la kahawia na kwa kawaida hufifia lenyewe katika muda wa miezi, hata mwaka, mradi lisichokozwe tena. Ikiwa imedondokea tabaka la chini, doa huwa na rangi ya kijivu inayoelekea bluu na laweza kukaa miaka, na huko chini krimu za kupaka hazifiki vizuri, Skinoren ikiwemo. Mwenye madoa ya namna hiyo ya pili asitarajie mengi kutokana na tyubu yoyote, hata iwe ya bei gani.

Melasma, yaani yale mabaka ya kahawia ya mashavuni, ni habari nyingine. Hiyo huja pande zote mbili za uso kwa ulinganifu, mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo, na visababishi vyake hushikana mikono: urithi, homoni za ujauzito, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, mwanga wa jua, na hata joto. Ni sugu kuliko madoa ya chunusi, na hata ikififia hurudi kwa urahisi. Kuna pia weusi ambao haupaswi kupakwa krimu ya madoa hata kidogo kabla ya kuonwa na mtaalamu. Shingo au makwapa yanayonenepa na kuwa meusi, huku ngozi yake ikiwa kama mahameli kwa kuguswa, mara nyingi ni dalili kwamba mwili umeanza kushindwa kuitumia insulini ipasavyo, na kinachotakiwa ni kupima sukari. Doa jeusi linalokua kwenye unyayo au kiganja, au mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha, ni la kupelekwa hospitali haraka, kwa sababu saratani ya seli za rangi kwa watu weusi hupenda kuanzia hasa miguuni na kwenye kucha.

Sasa dawa yenyewe. Asidi ya azelaiki haikubuniwa maabara kwa ajili ya urembo. Hupatikana katika nafaka kama ngano, shayiri na rai, na hutengenezwa pia na hamira wadogo, yaani kuvu wasioonekana kwa macho, wanaoishi juu ya ngozi zetu, wale wale wanaosababisha mba wa kifuani na shingoni unaoacha mabaka yaliyofifia rangi. Watafiti wa Italia, Marcella Nazzaro-Porro na Siro Passi, walijiuliza kwa nini ngozi hupoteza rangi pale hamira hao wanapozidi, na katika chapisho lao la 1978 walionyesha kwamba hamira hao huzalisha asidi zinazozuia tirosinezi, kimeng'enya ambacho bila hicho melanini haitengenezwi. Dawa ilizaliwa kutokana na swali hilo. Inanivutia kwamba jibu la madoa meusi lilipatikana ndani ya ugonjwa mwingine wa ngozi ambao sisi wa nchi za joto tunaujua tangu utotoni.

Kinachoitofautisha na krimu nyingi zinazouzwa kwa ahadi ya kung'arisha ni kwamba huzilenga zaidi seli za rangi zilizochachamaa, huku zile zinazofanya kazi yake ya kawaida zikiachwa karibu zilivyo. Kwa hiyo doa hufifia kuielekea rangi ya ngozi inayolizunguka, na uso hauwi mweupe. Mtu anayetaka kubadili rangi ya uso mzima hataridhika nayo, na kwangu mimi hiyo ni sifa yake kubwa kuliko zote. Zaidi ya hayo, huua bakteria wa chunusi na hupunguza uvimbe na kuziba kwa vinyweleo, maana yake ni kwamba inafifisha doa la zamani na wakati huo huo inapunguza uwezekano wa doa jipya. Katika utafiti uliochapishwa 1991, uliohusisha wanawake zaidi ya 300 wenye melasma kwa muda wa wiki 24, krimu ya azelaiki ya asilimia 20 ilileta matokeo yanayokaribiana na yale ya haidrokwinoni ya asilimia 4, dawa nyingine ya kufifisha madoa, bila ya athari mbaya za muda mrefu zinazoifuata haidrokwinoni. Ni miongoni mwa dawa chache za madoa ambazo madaktari huziruhusu wakati wa ujauzito, wakati dawa za jamii ya vitamini A, kama vile tretinoini, hukatazwa katika kipindi hicho.

Kuitumia si kazi ngumu, lakini kunahitaji uvumilivu. Uso huoshwa kwa maji na sabuni laini, hukaushwa, kisha krimu hupakwa asubuhi na jioni. Urefu wa sentimita 2.5 uliokamuliwa kutoka kwenye tyubu, yaani karibu nusu gramu, unatosha uso mzima. Wiki za mwanzo huleta kuwashwa na kuchomachoma dakika chache baada ya kupaka, na kwa baadhi ya watu wekundu au ngozi kukauka. Niliona nafuu nilipoanza kwa kupaka jioni tu, ngozi ikiwa imekauka kabisa, na kutangulia na mafuta mepesi ya kulainisha. Jambo hili si dogo kwa ngozi nyeusi, kwa maana muwasho wenyewe ni uvimbe, na uvimbe huzaa doa. Yeyote anayelazimisha dawa yenye kuunguza kwa imani kwamba maumivu ni dalili ya kazi anajitengenezea madoa mapya juu ya yale anayoyatibu. Ngozi ikichubuka, dawa isimamishwe kwa siku kadhaa, kisha irudiwe taratibu. Mwenye pumu amweleze daktari kabla ya kuanza, kwa sababu imeripotiwa kwa nadra kwamba hali inaweza kuzidi.

Matokeo yake ni ya polepole kiasi cha kukatisha tamaa. Mwezi wa kwanza nilichokiona ni chunusi kupungua. Madoa yalikuwa pale pale. Ngozi ya juu huchukua takribani wiki nne kujibadilisha, na seli zilizokwisha kujaa rangi hazina budi kupanda hadi juu na kupukutika, kwa hiyo hakuna dawa ya kweli inayoweza kuondoa doa kwa siku saba, na tangazo linaloahidi hivyo ama linadanganya au linauza kitu cha hatari. Kuanzia mwezi wa tatu kingo za madoa zilianza kupotea, madogo yakatangulia, na makubwa ya taya yakafifia kiasi kwamba poda nyepesi inayafunika. Mawili yenye ukijivu hayajabadilika. Vishimo vilivyoachwa na chunusi kubwa navyo vimebaki, kwa kuwa hivyo ni makovu ya umbo la ngozi, na krimu ya rangi haihusiani navyo.

Nakuja kwenye krimu ya jua, ambayo ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi kwetu. Hoja inayosikika kila mahali ni kwamba mtu mweusi hahitaji kinga ya jua kwa sababu melanini inamtosha. Melanini inakinga kweli: vipimo vilivyochapishwa Marekani 1979 vilikadiria kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi lina kinga sawa na krimu ya kipimo cha kinga (SPF) cha 13 hivi, ilhali la ngozi nyeupe ni kama 3. Kinga hiyo hupunguza sana hatari ya kuungua na ya saratani ya ngozi, lakini haizuii madoa, kwa sababu seli za rangi hazisubiri ngozi iungue ndipo zichochewe. Kwetu, karibu na ikweta, fahirisi ya urujuanimno (UV), yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ya saa sita mchana mara nyingi hufika 11 na kupita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukiita cha kupindukia. Aidha, miale ya urujuanimno A (UVA) hupita kwenye vioo, hivyo dereva na mtu aketiye dirishani ofisini hawajajificha.

Kuna jambo zaidi, na kwa ngozi nyeusi ndilo la maana kupita yote. Tafiti, kuanzia ule uliochapishwa 2010, zimeonyesha kwamba mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, hasa upande wake wa bluu, husababisha weusi mzito unaodumu kwa wiki kwenye ngozi nyeusi, huku ngozi nyeupe sana ikiwa haiathiriki hivyo. Krimu za jua zisizo na rangi, hata zile za kipimo cha 50, zimetengenezwa kuzuia urujuanimno na huacha mwanga huo upite karibu wote. Kinachouzuia ni oksidi za chuma, yaani zile rangi za njano, nyekundu na nyeusi zinazotiwa kwenye krimu ili ifanane na ngozi. Kwa hiyo rangi iliyomo katika krimu ya namna hii ni kinga yenyewe, na mtu mwenye melasma anayetumia krimu nyeupe peke yake anafunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi. Wanaouza krimu za kujikinga na mwanga wa simu wanatumia ukweli huu vibaya: mwanga wa bluu wa simu ni mdogo mno ukilinganishwa na ule wa jua, na hauna nguvu ya kuleta madoa.

Udhaifu wa krimu za jua zenye rangi upo na unaudhi. Nyingi zimetengenezwa kwa kufikiria uso wa Mzungu, na zinazoitwa za rangi ya wastani humfanya mtu mweusi aonekane amepakwa majivu. Oksidi ya zinki na ya titani, ambazo ni kinga nzuri, huongeza weupe huo. Njia iliyonifaa ni kupaka krimu ya jua isiyoacha weupe, ya kipimo cha 50 na yenye kinga ya urujuanimno A, kuisubiri ikauke, kisha kupaka juu yake krimu ya msingi ya vipodozi (foundation) inayolingana na ngozi yangu na yenye oksidi za chuma, ambazo kwenye boksi huandikwa kwa namba CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Huwa inadumu vizuri katika joto la Dar es Salaam kuanzia Juni hadi Agosti. Januari na Februari jasho huiondoa mapema, na ni lazima kupaka tena adhuhuri. Kipimo kilichoandikwa kwenye tyubu hupatikana kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba, kiasi ambacho kwa uso na shingo ni mistari miwili iliyokamuliwa juu ya vidole viwili, kila mmoja kwa urefu wa kidole. Wengi wetu hupaka nusu yake au robo, kisha husema krimu haifanyi kazi. Kofia yenye ukingo mpana, mtandio na mwavuli havina matatizo haya yote, na wala havihitaji kupakwa upya.

Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi hutengeneza krimu ya jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao hupewa bure. Naitaja ili pasiwe na anayeitafuta mitaani kwa ajili ya madoa: kwa wale inaowafaa, ile ni kinga dhidi ya saratani inayoua, na kila tyubu inayochepushwa ni haki ya mtu mwingine.

Mambo mengine ya kuzuia madoa hayanunuliwi. Kusugua uso na shingo kwa dodoki gumu au wavu wa nailoni kila siku huleta weusi wa msuguano, na kadiri mtu anavyosugua akidhani ni uchafu ndivyo unavyozidi. Limau au ndimu usoni ni hatari mara mbili, kwa kuwa maji yake huunguza, na yana kemikali ambazo zikipigwa na jua huleta malengelenge na madoa meusi yanayodumu. Chunusi isitumbuliwe. Mwanamume mwenye vipele vya ndevu aache kunyoa hadi kwenye ngozi kabisa. Mashine inayobakiza nywele fupi huzuia unywele kujichoma ndani, na hapo ndipo krimu ya madoa inapopata nafasi ya kufanya kazi kidevuni na shingoni.

Siwezi kuitathmini Skinoren bila kusema juu ya kitu inachoshindana nacho sokoni, nacho ni mkorogo. Dada na mama zetu huuziwa vikopo visivyo na maandishi, vilivyochanganywa nyuma ya kaunta, na matokeo yake huonekana mapema kiasi kwamba krimu yangu ya miezi mitatu huonekana kama utani. Ndani yake kwa kawaida kuna haidrokwinoni kwa kiwango kisichojulikana, steroidi kali kama klobetasoli, au zebaki. Steroidi hukondesha ngozi, huleta michirizi na chunusi za aina nyingine, na mtu akiiacha ghafla uso huwaka na madoa hurudi kwa nguvu. Zebaki huharibu figo, na huweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ni dawa halali mikononi mwa daktari kwa miezi michache, lakini ikitumiwa miaka huleta weusi wa kijivu usioondoka, mashavuni na kandokando ya macho, hali ambayo daktari Findlay na wenzake waliieleza Afrika Kusini 1975 kwa wanawake waliokuwa wakitumia krimu za kujichubua. Nchi hiyo ilizipiga marufuku 1990. Tanzania nayo imekataza haidrokwinoni na zebaki katika vipodozi. Anayetoka kwenye mkorogo asirukie Skinoren wala dawa nyingine moja kwa moja. Ngozi yake inahitaji daktari wa kumwachisha steroidi hatua kwa hatua.

Kuhusu ununuzi, Skinoren ni dawa, hivyo ipatikane duka la dawa lenye mfamasia, na usajili wa dawa uko chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Krimu ya jua ni kipodozi, na tangu 2019 vipodozi husimamiwa na TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kagua kifuniko, tarehe ya mwisho na kipeperushi kilichomo ndani ya boksi, na ukiona tyubu imeachwa juani kwenye meza ya barabarani, iache. Bei hutofautiana sana kati ya duka na duka, hivyo inafaa kuuliza zaidi ya mahali pamoja. Zipo pia krimu za azelaiki za asilimia 10 zinazouzwa kama vipodozi. Ni laini zaidi kwa ngozi inayowashwa haraka, ila kwa madoa mazito ningependekeza ile ya asilimia 20.

Hesabu ya fedha ifanywe mapema. Kwa nusu gramu mara mbili kwa siku, tyubu ya gramu 30 huisha kwa mwezi, na kwa kuwa matokeo huanza kuonekana karibu na mwezi wa tatu, asiyeweza kununua tatu mfululizo bora asianze kwanza. Krimu ya jua ya mililita 50 ikipakwa kwa kiasi kinachotakiwa haizidi mwezi mmoja na siku kadhaa, hata bila kupaka tena adhuhuri. Mwenye uwezo wa kununua kimoja tu mwezi huu ningemshauri aanze na krimu ya jua na kofia, kwa sababu doa la kahawia lililokingwa na mwanga litaendelea kufifia lenyewe wakati anaweka akiba ya dawa, ilhali dawa ikipakwa kwenye uso unaopigwa na jua kila mchana, seli za rangi huendelea kuchochewa juani na doa halipati nafasi ya kupungua.